Kwenda Beni na Tumbo Tupu

Jumatatu, 2 Septemba

Muuguzi Shekinah wa kituo cha afya cha mtaa wetu amenipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule. "Papa Kahongya, kila siku uandike kitu unakula na namna tumbo inakuluma. Nikikuuliza unanijibu tu inaluma, inaluma. Iyo haiko jibu."

Basi naandika. Asubuhi chai na mkate. Mchana fufu na sombe ya majani ya muhogo. Jioni maumivu chini ya mbavu, kama mtu amesahau pasi ya makaa ndani yangu.

Lakini nimeona mara moja kwamba huwezi kuandika "fufu na sombe" ukamwacha aliyepika. Mimi ni mshonaji katika atelier, yaani karakana, ya patron wetu Zorobabel, hapa Butembo. Tuko patron mwenyewe, Sikuli anayeshona suruali kwa mikono na majirani kwa ulimi, Tamar wa vifungo na nakshi, na mimi, mtu wa kola. Mchana mke wa patron, Mama Kanyere, anatuletea chakula kutoka jikoni kwake nyuma ya atelier. Anaweka sahani, anamega kidogo kwenye kila moja, anameza mbele yetu, ndipo anasema, "Mukule." Kwetu ndivyo ilivyo: anayekupa chakula anaonja kwanza, ujue kwamba ndani hamna kitu ila chumvi. Ndani ya chakula cha Mama Kanyere mna chumvi na pilipili, na pilipili yake inajulikana mpaka uwanja wa ndege wa Rughenda.

Alhamisi, 5 Septemba

Shekinah alisoma kurasa zangu, akacheka alipofika kwa Sikuli, akaacha kucheka alipofika kwa tumbo.

"Utaenda Beni," alisema. "Kuko docteur Ngalula, mwanamuke wa Kasai. Iko na mupira yenye kamera, anaingizaka mu kinywa mpaka mu tumbo. Anafanyaka jeudi tu. Na uende bila kula, tangu jana yake mangaribi."

Baba yangu alianza hivi hivi. Alisema ni pilipili, halafu akasema ni uchovu, halafu hakusema tena kitu. Tulimzika akiwa na umri nilio nao sasa. Hilo sikumwambia Shekinah. Ninaogopa, ndiyo sababu naliandika hapa.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeomba ruhusa ya Alhamisi ijayo. Patron hakuinua hata uso kwenye kitambaa cha bluu.

"Patron, muganga ananituma Beni. Naomba jeudi yenye inakuya."

"Kahongya, masomo imefunguka. Batoto beko banaenda na nguo ya mwaka jana, magoti inje. Wazazi bakiniuliza, nibaambie ni juu ya tumbo yako?"

"Ni siku moja tu."

"Kwenda Beni ni siku moja. Kurudi, Mungu njo anajua."

Katika atelier hii mtu hupewa ruhusa akifiwa au akibatiza. Kuugua hakumo, maana mgonjwa bado anaweza kukanyaga mashine.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua. Mashati ya shule. Maharagwe, maumivu. Patron mwenyewe ameenda Beni kununua uzi.

Ijumaa, 13 Septemba

Patron amerudi bila uzi. Anasema hakupata rangi.

Alhamisi, 19 Septemba

Leo nimefanya kosa ambalo hata mgeni kutoka Kinshasa hafanyi zaidi ya mara moja.

Jana patron alilegea. "Maliza zile kola mbele ya saa ya kula, halafu uende." Nikafunga kula tangu magharibi, nikaja alfajiri, nikashona kola kama mtu anayekimbia mvua. Nilikuwa nakata uzi wa kola ya mwisho Mama Kanyere alipoingia na masahani. Na leo, katika siku zote, kaka yake alikuwa amemletea samaki wabichi wa ziwani, kutoka Kyavinyonge. Aliniwekea kichwa, sehemu ya heshima. Akaonja. Akangoja.

"Leo hapana, Mama," nilisema. "Sitakula."

"Unasema?"

"Muganga ananikataza kula."

Nilisema kweli tupu, na ningenyamaza ingekuwa heri. Mkasi wa Sikuli ulianguka. Tamar aliacha kifungo njiani. Mama mmoja mteja, aliyekuja kupimisha blauzi, alibaki mikono juu kama mtu kwenye kizuizi cha askari. Mama Kanyere alinitazama, akamega tena samaki wangu, kipande kikubwa safari hii, akatafuna polepole ili kila mtu aone.

"Ona, nimekula."

"Naona, Mama. Haiko juu ya chakula. Ni mashine ya Beni, inataka tumbo ya bure."

"Mashine," alisema, akabeba sahani yangu akaondoka nayo.

Saa ileile mbingu zikafunguka. Dereva wa taksi akaja kutuambia kwamba lori limelala katikati ya barabara mbele ya Maboya, na hakuna anayepita. Hivyo nimebaki Butembo. Sijala, sijaenda, na nimemtukana mke wa patron mbele ya mteja.

Ijumaa, 20 Septemba

"Donc ni karuho," Sikuli alininong'oneza asubuhi. Karuho ni ile sumu ya polepole ambayo hapa kwetu hulaumiwa kwa kila ugonjwa usioeleweka, na mingine inayoeleweka.

"Hapana karuho, Sikuli. Ni tumbo."

"Mwenye bamepatia karuho njo anasemaka vile."

"Na mwenye hapana anasemaka nini?"

Alifikiri. "Hasemake kitu. Anakula samaki yake."

Mchana Mama Kanyere alionja sahani za wenzangu kama kawaida. Alipofika kwangu alivuta kiti. Akaonja kushoto, akaonja kulia, akachimba mpaka chini kabisa, pasije pakasemwa kwamba sumu ilijificha. Aliponisogezea sahani nilikuta ukuta mmoja wa fufu na mchuzi.

Jumanne, 24 Septemba

Nusu sahani. Maumivu.

Jumatano, 25 Septemba

Nimeomba ruhusa tena. Patron alinivuta nje, chini ya mlingoti wa kibao chetu, akaongea polepole.

"Mbele ulikuwa unaweza kwenda. Sasa njo hauwezi hata kidogo. Ukienda kwa docteur, avenue yote itasema: mutu ya Zorobabel bamemubeba Beni kutapika sumu ya Mama Kanyere. Bamama balishaanza kumuangalia mu kanisa."

"Na nikifia mu atelier, batasema nini?"

Swali hilo lilimgusa, niliona. Alishika tumbo lake mwenyewe kwa huruma. "Usiseme ile maneno," alisema, akarudi kwenye mashine yake.

Alhamisi, 26 Septemba

Patron ameenda Beni kununua uzi.

Ijumaa, 27 Septemba

Uzi hakuna. Ghalani tuna uzi wa kushona barabara yote mpaka Beni na kurudi. Nimeanza kumwona patron kama mtu mchoyo wa ajabu: yeye anatembea kila akitaka, sisi tunakanyaga. Kisha anakunywa maziwa siku nzima kwenye chupa, kama ndama. Anasema ni kwa ajili ya sauti, sababu anaimba kwenye kwaya. Tamar, ambaye naye ni wa kwaya hiyo, aliinamia vifungo vyake akakaza midomo asicheke.

Alhamisi, 3 Oktoba

Vijana wa mji wametangaza ville morte. Maduka yote yamefungwa, na atelier yetu pia. Nilimshukuru Mungu, naye anisamehe. Nilivaa shati safi, tumbo tupu, nikasimama kando ya barabara ya Beni. Siku ya mji uliokufa, taksi nazo zimekufa. Walipita bata, halafu mama mmoja na kuni, halafu bata walewale wakirudi. Nimerudi nyumbani nikala viazi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepunguza kiuno cha suruali yangu kwa mara ya pili. Mama Kanyere ameniletea gauni lake nilipanue. Ndivyo ilivyo: tunakula sahani moja, na yeye ndiye anayeanza.

Ijumaa, 11 Oktoba

Sasa ni pagne, vitenge vya jubilei ya parokia. Mama wote wa parokia wanataka mikono ya kupanda juu. Kila anayekuja kupimwa ananitazama usoni, anapumua, ananibonyeza bega. Mmoja ameniambia ananiombea novena. Nilimwuliza ni ya ugonjwa gani, akasema, "Ile unajua."

Jumanne, 15 Oktoba

Naandika nikiwa kitandani, jua bado liko nje.

Asubuhi Sikuli aliniletea chupa. Ni dawa ya mizizi, alisema, kutoka kwa mganga wa kienyeji wa upande wa Manguredjipa. Unakunywa, unatapika karuho yote, unapona. Mimi siamini mambo hayo. Lakini mtu akinyimwa daktari wiki baada ya wiki, akili yake inaanza kuokota njiani. Nilikunywa.

Nilitapika nyuma ya atelier. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kama masalio ya kahawa chini ya birika. Nilikitambua, ni damu. Nilikuwa kijana nilipokiona katika beseni la baba yangu. Nikakaa chini kwenye matope, na sikumwita mtu, kwa sababu sikujua nimwite nani.

Tamar ndiye aliyeniona. Hakupiga kelele, alienda sokoni moja kwa moja kumchukua mke wangu Solange kwenye unga wake wa muhogo. Solange alimleta Shekinah, Shekinah akanipa dawa na kusema, "Jeudi hii. Haiko ingine." Kisha Solange akafanya jambo ambalo sikumtuma. Alizunguka nyuma, akaingia jikoni kwa Mama Kanyere, akafunga mlango.

Tulingoja. Patron alikunywa maziwa yote. Sikuli alikaa mbali na dirisha la jikoni, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Baadaye Solange aliniambia alichosema. Alisema: "Mama, bwana yangu hakukatae chakula yako. Anaogopa atakufa kama baba yake, na anaogopa kukuambia." Mama Kanyere hakujua habari ya baba yangu. Hakuna aliyejua. Walilia wote wawili juu ya majani ya sombe.

Mama Kanyere alipotoka alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kwa nguvu.

"Jeudi tunaenda Beni," alisema. "Bote."

Patron alisimama. "Bote? Na pagne ya jubilé?"

"Itangoya. Docteur aangalie ile tumbo mbele yangu, aseme mbele ya batu kitu iko ndani. Nimechoka kusalimiwa mu kanisa kama muchawi."

"Mama, mimi nitabakia na kazi."

"Wewe njo bwana ya nyumba. Utasikia na masikio yako."

Patron alikumbuka kwamba ana homa. Halafu akakumbuka mazoezi ya kwaya. Halafu rangi yake ikawa kama chaki yetu ya kuchorea nguo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Tulimwachia Tamar atelier. Mama Kanyere alikaa mbele ya taksi na Sikuli, ambaye hakuna aliyemwita lakini alisema shahidi anahitajika. Nyuma nilikaa mimi, Solange na patron. Hakuna mvua, barabara imekauka juu na kulainika chini. Maboya, Mama Kanyere alinunua ndizi mbivu, wote wakala. Patron alikataa.

"Kahongya hali, na mimi sitakula," alisema.

Nilijisemea kwamba nimemhukumu vibaya mtu huyu, kumbe chini ya ule uchoyo kuna moyo.

Klinikini watu walijaa korido nzima. Daktari Ngalula alitoka, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, na Mama Kanyere akamsimamia mbele kabla sijafungua mdomo.

"Docteur, mimi njo ninapikaka. Batu banasema nimemupatia huyu karuho. Ingiza ile mupira yako, uangalie muzuri, useme mbele ya bote."

"Karuho ni nini?" daktari aliuliza.

Sikuli alimweleza, kwa maneno na kwa mikono, mpaka mgonjwa mmoja akahama benchi. Daktari alikuwa anatikisa kichwa anatafuta jibu, ndipo macho yake yakatua ukutani. Pale kulikuwa na mtu aliyetugeuzia mgongo, pua karibu igonge tangazo la kunawa mikono, analisoma kana kwamba atalisimulia kwa Mungu.

"Papa Zorobabel! Uko nafanya nini hapa? Rendez-vous yako ni mwezi ya kesho. Ile dawa ya kidonda ulimaliza?"

Hata waliokuja kwa ajili ya kikohozi hawakukohoa.

Mama Kanyere aligeuka polepole. "Kidonda gani?"

"Pardon," daktari alisema, akaona amechelewa.

"Uzi," Mama Kanyere alisema. "Ulikuwa unakuyaka kununua uzi."

Patron aligeuka. Sijawahi kumwona mdogo vile. "Kanyere, tumbo inaniluma tangu Pasaka. Docteur alisema niache pilipili. Niliogopa utasikia vibaya."

"Kahongya ni mutu ya inje. Alikataa sahani yangu siku moja, avenue yote ikaniita muchawi. Na wewe ulikuwa unakula na mimi kila siku, unanificha?"

Alikaa kwenye benchi, akaweka mkoba wake juu ya magoti, na mimi nikaitwa ndani.

Habari za ule mpira sitaziandika. Anayetaka kujua ameze utepe wetu wa kupimia nguo, wote, polepole, huku mtu anamwambia apumue kwa pua.

Baadaye daktari alisema mbele ya wote, kama ilivyotakiwa: kuna kidonda, kinatoa damu, na kuna mdudu aliyekisababisha. "Ule mududu iko mu batu mingi, Beni, Butembo, hata kwetu Kasai. Hakuna mutu alimutilia. Dawa inamumaliza. Pilipili ipumuzike kwanza, na huyu aache kula nusu sahani." Kisha akaniambia peke yangu kwamba amekata kipande kidogo wakichunguze, nirudi tarehe saba Novemba. Nilimwuliza kama ni kama cha baba yangu. Alisema hawezi kusema kabla ya kuona.

"Rudilia ile ya mutu hakumutilia," Mama Kanyere alimwambia. "Sikuli asikie."

Sikuli alisikia, ila kwa mara ya kwanza hakuonekana kujali. Alikuwa na habari ya patron, na ilimtosha mpaka Noeli.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mchana hakuna sahani. Mlango wa jikoni umefungwa. Tumekula mkate.

Jumanne, 22 Oktoba

Mkate. Namaliza dawa zangu kwa utaratibu. Patron anakula ndizi peke yake kwenye mashine, anatafuna kama mjane.

Alhamisi, 24 Oktoba

Patron alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja, mbele yangu.

"Kahongya, uniforme ilikuwa sababu ya uongo. Na ile ya avenue, nusu tu ilikuwa kweli. Niliogopa utanikuta kule mu ligne ya bagonjwa."

Nilikasirika. Ninaandika wazi. Nimetapika damu kwa ajili ya aibu ya mtu. "Patron, baba yangu alikufa na tumbo," nilisema.

"Solange aliniambia. Unisamehe."

Alichukua rundo la kola zangu, akazishona zote mwenyewe mpaka tulipofunga, na kola si kazi yake; zilikuwa zimepinda kidogo. Sikuzifumua. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu ameumbuliwa na daktari, na afadhali hivyo.

Jumatano, 6 Novemba

Kesho ni Beni. Nilikuwa nafikiria namna ya kuomba ruhusa, patron akanitangulia. "Kesho twende bote. Na mimi njo siku yangu." Wakati huo Mama Kanyere alikuwa anapita uani na ndoo. Hakusimama, ila alisema, kwa upande wetu lakini bila kumtazama mtu, "Safari hii uzi ikuye."

Alhamisi, 7 Novemba

Si kile cha baba yangu.

Daktari alisema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikusikia vizuri. Ni kidonda tu, kinapona. Nilitoka koridoni, patron akaniona uso, akasimama akifikiri ni mabaya. Nilipomwambia alilia yeye, mimi nikamshika. Mtu mmoja wa pale aliniuliza kama huyu mzee amefiwa.

Tulipitia sokoni Beni. Patron alinunua uzi, mweupe, akaubeba juu ya magoti mpaka Butembo, asije akaonekana mikono mitupu.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Saa ya kula, mlango wa jikoni ulifunguka.

Mama Kanyere aliingia na masahani. Akaweka la Tamar, la Sikuli, la patron, la kwangu. Fufu imejaa, sombe, na kwangu kichwa cha samaki. Pilipili ilikuwa katika kibakuli chake cha pembeni, kwa anayeitaka. Tulingoja amege. Alipangusa mikono kwenye pagne, akageuka aondoke.

"Mama," Sikuli alisema, "haukuonja."

Alisimama mlangoni. "Mwenye anaogopa, aonje yeye mwenyewe."

Akaenda zake. Patron alitazama sahani yake, mimi nikatazama yangu. Nilimega wa kwanza, kwa sauti, ili jikoni wasikie. "Wasingya, Mama," niliita kumshukuru.

Tulisikia sufuria zikianza kuoshwa.

Sombe bila pilipili haina ladha kabisa. Hilo nalisema hapa tu.

Leo: fufu, sombe, samaki wa Kyavinyonge, sahani nzima. Maumivu: hakuna.